Damu Yenye Harufu ya Arki

Wiki iliyopita nilikuwa stendi ya Lindi nikisubiri gari, mwanangu akanililia ubuyu. Nikamnunulia. Ulikuwa ule mwekundu wa vipakiti, uliokorogwa kwa sukari, rangi na arki, na alipouchana tu ile harufu ikanipanda puani, nikajikuta nimeshika shavu. Muuza ubuyu akaniuliza kama jino linaniuma. Nikamwambia ndiyo, kwa sababu maelezo ya kweli yangemfukuzia wateja.

Wenzangu wa rika langu wakinusa arki wanakumbuka Idi na visheti. Mimi namkumbuka mama yangu akivuja damu.

Mama alikuwa mwigizaji. Nalisema neno hilo kwa kinywa kipana, ingawa nilikolelewa lilitamkwa kwa kubinua mdomo. Alianza ujana wake Lindi mjini, katika kikundi cha sanaa kilichozunguka vijijini na maigizo ya kuelimisha watu: leo malaria, kesho vyoo, keshokutwa wanaume wanaokunywa pombe korosho zikishauzwa. Jukwaa lilikuwa kiwanja chochote kilichofagiliwa, na pazia lilikuwa turubai la kuanikia ufuta. Baadaye akachukuliwa Dar es Salaam kwenye mchezo wa televisheni uliokuwa ukionyeshwa kila wiki, kisha zikaja filamu, zile za kwenye CD, na picha ya uso wake ikawa imebandikwa kwenye vibanda vya video kuanzia Kilwa Masoko mpaka Sudi. Ila popote alipokwenda walimpa kazi ile ile. Alikuwa mwanamke wa kupigwa. Alikuwa na shingo nyembamba na macho makubwa, na waongozaji wakimtazama tu wanaona kwamba huyu anafaa kusukumwa ukutani. Miaka ya mbele alikuja kukataa, akacheza hakimu, akacheza mganga, akacheza mama mkwe mmoja ambaye nchi nzima ilimchukia. Mimi nasimulia habari za kabla ya hapo.

Hata Baba alimwona mara ya kwanza akipigwa. Kikundi kilikuja kijijini Njinjo na igizo la mume mkorofi, na Baba, kijana wa Kingindo mwenye shamba la ufuta na pikipiki, akasimama mstari wa mbele. Alipenda sana kuisimulia habari hiyo mbele ya wageni. "Nilivyomwona anavyolia, nikasema huyu namwoa," alikuwa akisema, na wageni wanacheka. Nami nilikuwa nacheka nao. Leo nikiikumbuka kauli hiyo natamani ningekuwa mkubwa siku hiyo ya igizo, nimshike Mama mkono tuondoke.

Asipokuwa na kazi mjini, Mama alirudi Njinjo, na Njinjo mwenzake wa mazoezi nilikuwa mimi. Damu tulipika wenyewe jikoni. Sukari ilichemshwa ikawa nzito, ikatiwa rangi nyekundu, na mwisho kabisa matone ya arki. Nilimuuliza kwa nini tutie arki wakati damu hainukii vizuri. Akasema, "Hii inaingia mdomoni, mwanangu. Nataka nikipigwa nipate angalau kitu kitamu." Jicho lililovimba tulilitengeneza kwa wanja, masizi ya sufuria na mafuta ya mgando. Nilikuwa fundi wa masizi. Wenzangu darasa la kwanza walichora nyumba na bendera, mimi nilichora makonde.

Akanifundisha na kofi. "Anayepiga hana kazi yoyote," alisema. "Mkono wake unapita tu mbele ya uso wako. Wewe ndiye unageuka, na viganja vyako, hapa chini ya kifua ambako watu hawaoni, ndivyo vinavyotoa mlio. Kazi yote ni ya anayepigwa." Tukapokezana uani, mara yeye mume mimi mke, mara mimi mume. Akanifundisha na kuanguka: kidevu kifuani, kiuno kwanza, kisha bega, kisha mkono. "Linda kichwa," alikuwa akirudia. "Vingine vyote vinapona." Nilikuwa na miaka saba na nilijua kufa kwa namna nyingi. Nilikufa jikoni, nilikufa njiani nikienda kisimani, siku moja nilikufa madrasa mwalimu akaitisha maji.

Basi mtie mtoto wa namna hiyo katika nyumba ile. Baba alikuwa akirudi kutoka shamba baada ya alasiri, anaoga, anakunywa chai, halafu mlango wa chumbani unafungwa. Ndani nasikia mlio. Ulikuwa mlio mzuri, mkavu, usio na mwangwi, na mimi nikiwa nimekaa mkekani barazani nilijua maana yake: Baba na Mama wanafanya mazoezi. Nikaona wivu kidogo kwamba Baba naye kaingizwa katika kazi yetu. Kisha nikaona nisaidie. Kila mlio ulipotoka ndani, nami nje nilipiga viganja vyangu chini ya kifua, nikijitahidi vilingane na vya Mama. Wakati mwingine vilifuata vishindo vya mlango, au stuli inapinduka, na nilivutiwa na jinsi walivyofanya kazi kwa bidii. Bibi Somoe, mama yake Baba, ambaye chumba chake kiliungana ukuta na chumba kile, alikuwa akiongeza sauti ya redio.

Mama akitoka alikuja kukaa nami mkekani. Siku moja mdomo wake wa chini ulikuwa umepasuka na damu inatiririka mpaka kidevuni. Nikasogeza pua, nikanusa, maana nilitaka kumsifu.

"Mama, arki imeisha?"

Akajifuta kidevu kwa kanga. "Imeisha, mwanangu."

"Nikakununulie dukani?"

"Hapana. Kaa hapa na mimi."

Nikakaa, nikajiona mtu wa maana. Sijui hata leo kama nimemsamehe kwa jibu lile. Alinificha ukweli kwa ufundi ule ule alionifundisha, na alifanya vizuri mno.

Kisha ikaja siku ya mpini wa jembe. Filamu mpya ya Mama ilikuwa imefika kijijini, ndani yake kuna mume wa kuigiza aliyemkumbatia, na kijiwe kizima kilikuwa kimemtania Baba. Sikupiga viganja siku hiyo, kwa sababu milio ile haikuwa ya makofi, na mimi nilikuwa mwanafunzi makini. Nilifikiri ni somo jipya. Mama alipotoka jicho moja lilikuwa limezibwa kabisa na nyama, mkono wa kushoto umening'inia, na jino la pembeni alilishika kwenye kiganja. Hakukaa mkekani. Alijifunga kaniki, akanishika kwa mkono uliokuwa mzima, tukatembea mchana kweupe mpaka ofisi ya kijiji.

Mwenyekiti alikuwapo, na watu wengi walikuwapo, kwa sababu ilikuwa siku ya kugawa mbegu. Na sasa nisimulie kosa ambalo sidhani lingefanyika kwingine. Usiku wa kuamkia siku ile, kibanda cha video cha Bakari kilikuwa kimejaa hadi watu kuchungulia madirishani. Wote walimwona Mama akipigwa na mumewe wa kwenye filamu, jicho limeziba hivi hivi, damu puani, mpaka akafa na akazikwa. Sasa amesimama mbele yao na jicho lile lile.

"Zuhura," Mwenyekiti akasema, "jana tu tumekuzika pale kwa Bakari. Watu wamelia mpaka kanga zimelowa. Leo umefufuka?"

Ofisi nzima ikacheka. Mama akasema, "Mwenyekiti, Saidi ameniua." Alisema kwa sauti ya chini, na wakacheka zaidi, maana maneno hayo hayo aliyasema kwenye filamu.

Mama mmoja wa mtaa wetu akatoka kwenye mstari wa mbegu. Akatia mate kwenye pindo la kanga yake, akamshika Mama kidevu, akaanza kumfuta jicho. Hakufuta kwa ukatili, alifuta kama unavyomfuta mtoto makamasi. Mama akakunja uso na machozi yakatoka kwenye jicho lililobaki. "Mnaona anavyojua," mtu akasema nyuma. Mama wa kanga akafuta tena kwa nguvu, akatazama pindo lake, akasema, "Haitoki."

"Rangi za Dar hizo," mzee mmoja akamjibu. "Hazitoki kwa mate."

Basi ikawa hivyo. Akilia, fundi. Akinyamaza, fundi zaidi. Alifungua kiganja kuwaonyesha jino, nao wakasifia jino. Miaka yote ya kazi yake, kuanzia viwanja vya vumbi hadi televisheni, siku ile ilisimama upande wa Baba ikamtolea ushahidi. Nikiikumbuka ofisi ile nasikia hasira mpaka leo, na hasira yenyewe haijui imwendee nani, kwa sababu wengi wao wameshakufa na waliobaki wananiita mwanangu.

Mwenyekiti akanigeukia. "Pili, unasoma darasa la ngapi?"

"La pili. Shikamoo."

"Marahaba. Mtoto hasemi uongo. Baba yako anampiga mama yako?"

Baba alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni na kofia mkononi, anatabasamu. Nikamtazama Mama. Kwangu swali lilikuwa rahisi.

"Hapana," nikasema. "Wanafanya mazoezi."

Kicheko kilichopasuka pale nilikipenda. Nilidhani nimeigiza vizuri. Mama hakucheka wala hakunikasirikia. Aliinama, akaniweka sawa kola ya sare yangu kwa mkono mmoja, akatoka.

Talaka ilitoka wiki ile ile, na Baba akasema mtoto habebwi kupelekwa kwenye kambi za waigizaji. Kijiji kikaona ni sawa. Asubuhi Mama alipopanda gari nilishikilia dirisha, na alichoniambia hakikuwa maneno ya kuaga. Alisema, "Pili, ukianguka, linda kichwa."

Baba alivumilia kidogo. Kisha siku moja nilimwagia chai mguuni, akanyanyua mkono, na mimi nikafanya kila nilichofundishwa. Niligeuza uso. Nilileta viganja chini ya kifua. Lakini viganja vilichelewa, mlio ulikuwa umeshatoka, na ulitoka kwenye shavu langu. Nikaanguka kidevu kifuani. Nikiwa pale chini nikaramba mdomo, nikaonja damu, haikuwa tamu. Ilikuwa na ladha ya msumari. Ndipo nilipoelewa kila kitu kwa mpigo mmoja, mdomo wa Mama, jicho, jino, arki iliyoisha. Na nyuma ya ukuta nikamsikia Bibi anaongeza redio.

Yaliyofuata siyapangi moja moja. Alinipiga kwa mkono, kwa kandambili, kwa mkanda, na mwaka nilipoingia darasa la nne akanivunja kifundo cha mkono wa kulia, ambacho hadi leo hakikunjiki vizuri nikisuka. Kichwa nilikilinda. Jioni nilikwenda kibandani kwa Bakari kumtazama Mama, kwa sababu ndiko alikokuwa akipatikana. Alipigwa na wanaume wazuri wenye magari, katika nyumba zenye makochi meupe, na wanawake wale wale wa ofisi ya kijiji walijifuta machozi kwa mapindo yale yale wakimwonea huruma. Nilitamani kuwang'ata.

Baba alikufa kwa pikipiki, kwenye makorongo ya barabara ya kwenda Nangurukuru. Nililia, kwa kuwa alikuwa baba yangu na alikuwa ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, na nilipomaliza kulia nikaona mabega yangu yameshuka yenyewe. Hayakushuka kwa muda mrefu. Kabla hata ya kaburi kukauka Baba Mdogo alitangaza kwamba nitahamia kwake. Nilimjua Baba Mdogo na nilimjua mkewe, ambaye alikuwa na kovu kwenye nyusi. Niliona miaka yangu yote iliyobaki imesimama mlangoni kwake inanisubiri.

Sasa, upande wa Mama ni Wamatumbi na upande wa Baba ni Wangindo, na hao ni watani. Kwetu mtani ndiye mwenye msiba. Anachimba kaburi, analala ndani anagoma kutoka mpaka apewe chochote, anavaa nguo za marehemu na kutembea kama marehemu, anamsema mabaya yake mbele ya mama yake mzazi. Akishavaa nguo zile mnamwita kwa jina la marehemu, naye anaitika. Na haruhusiwi mtu kumkasirikia. Ukikasirika umeuvunja utani, na hiyo ni aibu kubwa kuliko lolote atakalosema.

Siku ya tatu, hitima imesomwa na watu wameshakula, Mama akaingia uani na Mjomba Athumani, kaka yake. Hakuna aliyejua kama atakuja. Alinipita bila kunigusa, akampa Bibi Somoe mkono, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa shati la Baba la madrafti na kofia ya Baba, funguo za pikipiki zinalia kidoleni.

Watu wakavunjika mbavu. Alikuwa Baba. Alitema mate pembeni kama Baba, akajikuna shingo kama Baba, akawasha pikipiki kwa mdomo ikagoma akaitukana. Akamtania Mwenyekiti, akamuuliza kama mbegu zimeota. Mwenyekiti naye akacheka, akamjibu, "Saidi, huko ulikokwenda wanalima?" Hata Baba Mdogo alikuwa akijifuta machozi ya kicheko.

Kisha Mama akasimama katikati ya uwanja, akaacha kuchezesha funguo.

"Zuhura," akaita, kwa sauti ya Baba ya baada ya alasiri.

Vicheko vikapungua.

"Zuhura, uko wapi? Nani alikuwa anakutazama kule?"

Akageuza kichwa taratibu, akanitazama mimi. Sikuwa nimeambiwa kitu, lakini mazoezi hayo niliyajua kuliko jina langu. Nikasimama. Nikajifunga kanga kama alivyokuwa akijifunga yeye, nikashusha mabega, nikaenda katikati ya uwanja.

"Abee," nikasema.

Mkono ukapita mbele ya uso wangu. Nikageuka, viganja vikalia, nikaanguka kiuno, bega, mkono. Nikainuka. Ukapita tena. Alitumia maneno ya Baba yote, yale ya chumbani, neno kwa neno, na mimi nililia kilio chake nilichokuwa nikikisikia barazani. Alinivuta kwa kanga. Alinisukuma mpaka ukutani, akachukua mpini wa jembe uliokuwa umeegemezwa pale, akaushusha kando ya bega langu mpaka vumbi likaruka. Hakuna pigo hata moja lililonigusa. Mama wa kanga ya mate alikuwa amejifunika uso. Mwenyekiti alitazama miguu yake.

Baba Mdogo akainuka. "Basi. Huu si utani."

"Kaa chini, mtani," Mjomba Athumani akamwambia, bila kupandisha sauti. "Juzi watani wenzangu wamelala kaburini kwenu, mmecheka. Huu ndio utani wenyewe. Kaa."

Akakaa.

Mama akanyanyua mkono mara ya mwisho. Ulipokuja nikageuka, lakini viganja vyangu nikaviacha vimening'inia. Sikupiga. Uwanja mzima ulikuwa kimya, mkono ukapita hewani bila mlio wowote, na watu wote wakashtuka kana kwamba wameusikia. Nikaanguka. Bibi Somoe akaziba masikio.

Akainuka, kizee wa watu, akaja polepole hadi mbele ya shati la mwanawe.

"Saidi," akasema. "Basi, baba. Mwache."

Mama akamjibu kwa sauti ya Baba. "Kumbe ulikuwa unasikia, Mama?"

"Nilikuwa nasikia. Siku zote nilikuwa nasikia." Akanyoosha mkono, akamvua Mama kofia, akaikunja kwapani. "Mkwe wangu, mchukue mwanao. Asilale tena hapa, wala kwa mdogo wake Saidi. Nimesema mimi."

Hakuna aliyempinga. Mimi nilikuwa bado chini, na kumbe katika kuanguka nilikuwa nimejing'ata mdomo. Mama akachuchumaa, akanifuta damu kwa kidole gumba, akakipeleka puani akakinusa.

"Arki imeisha?" akaniuliza, kwa sauti yake mwenyewe.

"Imeisha zamani," nikamwambia.

Ndipo Mama akakaa vumbini na shati la Baba mwilini, akalia, na safari hii hakuna mtu pale uwanjani aliyesema anajua kuigiza.